Kituo cha Kwa Karani

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyetupa miguu kabla hajatupa magurudumu, na akatupa subira kabla hajatupa barabara. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na kila aliyewahi kutembea njia ndefu kwa nia njema. Namshukuru kwa uzee huu, kwa macho ambayo bado yanasoma, na kwa ulimi ambao leo nautaka useme kweli, hata pale ambapo kweli yenyewe itanitia aibu.

Mtaa wetu uko juu ya vilima vya Goba, pale lami inapokwisha na mashamba ya mihogo yanapoanza kuingiliana na nyumba za bati jipya. Tuna msikiti mdogo kando ya barabara, na mbele ya msikiti huo ndipo magari hugeuza. Makondakta wanapaita mahali hapo Kwa Karani. Hawasemi Msikitini. Msikiti ulikuwapo kabla ya kituo, na mimi, muadhini wake na mwalimu wa madrasa yake, nilikuwapo mtaani kabla huyo Karani hajafika na sanduku lake la bati. Kila siku, mara nyingi kwa siku, nikiwa nimekaa barazani na msahafu wangu, namsikia kijana akigonga ubavu wa gari na kuita, "Kwa Karani mwisho, shukeni jamani, kwa Karani." Na kila mara kitu fulani hunichoma hapa chini ya mbavu. Kimenichoma hata asubuhi ya leo. Nimeanza na hilo ili msomaji asije akanidhania mtu bora kuliko nilivyo.

Karani alikuwa amestaafu kutoka ghala moja la bandarini, kule Temeke, ambako kazi yake ilikuwa kuhesabu magunia yanayoingia na yanayotoka. Alikuwa Mkristo, mtu wa bara, na maneno yake aliyavuta kidogo mwishoni kana kwamba anayapandisha mlima. Nadhani tulikuwa rika moja. Siku tuliyokutana mara ya kwanza tulisimama kila mmoja akimngoja mwenzake atoe shikamoo, na tulingoja sana, mpaka mke wangu akatokea na kusema, "Nyie wazee, mmeganda?" Basi tukapeana mikono tu. Tangu hapo yeye aliniita Maalimu nami nikamwita Karani, na suala la nani mkubwa hatukulifungua tena.

Nianze na viatu vyake. Vumbi la kwetu ni jekundu, linapanda mpaka kwenye magoti, na wakati wa mvua linakuwa tope linalong'oa kandambili miguuni. Sisi sote tulikuwa na miguu ya rangi moja. Yeye alivaa viatu vyeusi vya ngozi, vya kufunga kamba, na sikumbuki siku niliyoviona vikiwa vyekundu. Alikuwa na kitambaa mfukoni. Kila baada ya hatua kadhaa alisimama, akainama, akafuta, akaendelea. Ilimchukua muda kufika popote. Lakini alipofika alionekana ametoka ofisini, nami nilionekana nimetoka shambani, na watu humsikiliza aliyetoka ofisini.

Alikuwa na kiti cha plastiki cha bluu, mguu mmoja umefungwa waya. Alitembea nacho kichwani kutoka kwake hadi barabarani, akakiweka mbele ya msikiti wangu, akaketi, akafungua daftari la shule la mistari mipana. Hapo alikaa saa nzima, mbili, tatu. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka kama uliopigwa chapa. Mimi nasifiwa kwa khati ya Kiarabu, wapo watu Boko na Bunju waliotundika ukutani Bismillahi niliyoiandika mimi, lakini nilipouona mwandiko wa daftari lile nilitamani uwe na kosa.

Neno lake kubwa lilikuwa swali. Ukimlalamikia jambo lolote, alikuuliza, "Imeandikwa wapi?" Ukimwambia jana gari halikuja, anauliza imeandikwa wapi. Ukimwambia mwenyekiti wa mtaa aliahidi kalavati, imeandikwa wapi. Mke wangu alilipenda neno hilo, akawa analitumia nyumbani. Nikisema chumvi imezidi, ananijibu, "Imeandikwa wapi?" na kucheka peke yake jikoni. Sikucheka.

Alikuwa na upande mwingine pia. Mtu huyu aliyekaa na subira ya ajabu kungoja gari lisilokuja, hakuweza kabisa kushindwa kwenye drafti. Siku moja mbele ya duka la nafaka, fundi baiskeli alimla kete nne kwa mkupuo mmoja. Karani akasimama, akauinua ubao, akaugeuza, kete zote zikaenda mtaroni, halafu akaziokota moja moja akizifuta kwa kile kitambaa na kuomba radhi. Watu walihuzunika kwa ajili yake. Mimi nililala vizuri siku ile.

Na hili sijawahi kulielewa: yeye mwenyewe hakupanda gari. Likianza tu kutikisika, tumbo lake lilimgeuka. Kanisani kwake alikwenda kwa miguu, posta kwa miguu, na hata harusi ya mtoto wa jirani kule Boko alitembea tangu asubuhi akafika chakula kimekwisha. Nilimuuliza, "Karani, sasa haya magari unayoyahangaikia ni ya nani?"

"Ya wale wasiotapika," alinijibu.

Sasa niseme habari ya magari yenyewe, kwa sababu humo ndimo wivu wangu ulimozaliwa.

Kwa miaka mingi kabla hajaja, mtaa wetu ulikuwa na kamati ya usafiri, nami nilikuwa katibu. Magari yalifika njia panda tu, kule chini, na kutoka pale ni mlima wa karibu nusu saa kwa mguu wenye afya. Wajawazito walipanda mlima huo. Wauza mchicha waliushuka gizani na mabeseni kichwani. Kamati yetu iliandika barua za kuomba njia mpya ya magari. Niliziandika mimi, na nasema bila aibu zilikuwa barua nzuri, zenye salamu kamili, sifa kwa Mola, na maelezo ya shida zetu kwa lugha ambayo mtu angeweza kuisoma kwa sauti. Jibu lilirudi lilelile kila mara, mistari miwili: njia hiyo ipo na ina magari. Tulikasirika. Tulisema wanatudharau, wanasema kuna magari mahali ambapo hata bodaboda hulalamika. Tukaandika tena, kwa urefu zaidi.

Karani alipohamia alikuja kwenye kikao kimoja, akasikiliza barua yangu ikisomwa yote. Kesho yake alishuka njia panda na kiti chake, akakaa siku nzima. Jioni alikuja barazani kwangu baada ya Magharibi.

"Maalimu," alisema, "umewahi kusoma ubavuni mwa gari la njia panda?"

"Nisome nini? Ni gari."

"Pale chini ya mstari wa rangi. Pameandikwa mwanzo wa safari na mwisho wa safari. Mwisho wa safari ni jina la mtaa huu."

Nilimwangalia.

"Nyie mnaomba mlichonacho," alisema. Alisema kwa upole tu, kama mtu anayekuonyesha kifungo kilichofunguka. "Leseni ya kuja hapa wanayo. Wanakatisha tu. Wanageuza kule chini."

Miaka yote ile. Sote tuliyapanda magari yale kutoka njia panda kwenda mjini, tukashika mlango huohuo, na jina letu lilikuwa limeandikwa usawa wa viuno vyetu, limefunikwa na vumbi. Sisi hatukusoma kwa sababu tulijua gari linakokwenda. Yeye alisoma kwa sababu hakulipanda.

Nilimwambia ni jambo la kushukuru. Niliposema hivyo moyo wangu haukushukuru hata kidogo. Niliziona barua zangu zote zimepangwa kabatini, nikamwona afisa fulani akizisoma na kucheka.

Karani aliwauliza madereva kwa nini wanakatisha. Mimi ningewagombeza. Yeye aliwanunulia kahawa na kuwasikiliza. Dereva mmoja mnene, waliyemwita suka Tunda, alimwambia, "Babu, huko juu nakwendaga kubeba upepo. Nafika, sikuti mtu. Mafuta nani atarudisha?" Na ilikuwa kweli. Watu hawakusimama kituoni kwa kuwa gari haliji, na gari halikuja kwa kuwa watu hawasimami. Karani aliliona hilo, akafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nakunja uso. Alipita nyumba kwa nyumba akawaomba watu wasimame. Wakasimame tu alfajiri mbele ya msikiti, pasipo gari, kwa muda wa robo saa, ahesabu, kisha washuke mlima kama kawaida.

Nilidhani watamcheka. Asubuhi ya kwanza nilipomaliza kuadhini nilichungulia. Walikuwapo. Asubuhi ya tatu mstari ulikuwa mrefu zaidi. Wauza mchicha, wanafunzi wa sekondari, mama mmoja muuza vitumbua na beseni lake, walinzi wanaokwenda zamu ya mchana, wote wamesimama kwa utulivu wakingoja gari ambalo halikuwapo, kwa sababu Mkristo mmoja mwenye kiti kibovu aliwaomba. Ndani ya msikiti wangu safu ya sala ilikuwa ya watu wanane. Nje foleni yake ilivuka mlango wa msikiti. Wengine katika foleni ile nilikuwa nimewasomesha mimi juzuu amma. Nilikwenda mbele kusimama na Imamu, nikasema Allahu Akbar, na akili yangu ilibaki nje ikihesabu vichwa.

Ewe msomaji, nimefundisha watoto ubaya wa husuda kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Najua dalili zake, najua dua zake. Lakini kuujua ugonjwa hakukunizuia kuumwa.

Lipo jambo moja kuhusu daftari lile ambalo ni lazima lieleweke. Karani hakuwa na saa ya kutembea nayo. Ghalani alizoea king'ora, na saa ya mkononi ilimvimbisha ngozi. Alikuwa na simu ya kitochi ambayo kila ikizimika ilirudi saa sita ya usiku. Kwa hiyo alipima muda kwa adhana yangu. Kurasa zake zilisomeka hivi: Adhana ya alfajiri, watu wawili. Adhana imekwisha, watu saba. Watu wa sala wametoka, watu thelathini. Gari, hakuna. Na jioni vilevile, tangu alasiri hadi isha. Sauti yangu ilikuwa katika kila ukurasa. Sikulijua hilo mpaka siku ya mkutano.

Mkutano ulifanyika ofisi ya serikali ya mtaa. Alikuja afisa wa leseni za usafiri, dada mmoja mwenye miwani, mwepesi wa kusikiliza. Karani aliweka daftari mbele yake. Dada yule alilifunua taratibu, akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nilikuwa nimekaa benchi la nyuma nikimwangalia anavyotikisa.

"Mzee, kazi nzuri sana hii," alisema. "Ila hizi nyakati. Alfajiri hii ni saa ngapi?"

"Aulizwe Maalimu," Karani alisema, akageuka na kunitafuta kwa macho, uso wake umejaa furaha. "Huyu hajakosa hata siku moja. Mie nahesabia kwake."

Watu wote waligeuka. Dada akaniuliza, "Shikamoo mzee. Adhana yako huwa saa ngapi?"

Jibu lilikuwapo, na lilikuwa rahisi. Wakati wa sala husogea kidogo kidogo kwa mwaka mzima, na tunayo ratiba iliyochapwa, siku kwa siku, dakika kwa dakika. Ningesema tu, nitakuletea ratiba. Badala yake nilisema:

"Inategemea."

"Inategemea nini, mzee?"

"Inategemea na jua. Leo si sawa na mwezi ujao. Halafu umeme ukikatika kipaza sauti hakilii, huwa naadhini kwa mdomo, na mtu akiwa mbali haisikii vizuri. Adhana ni wito wa sala, mama. Haikuwekwa kwa ajili ya mabasi."

Hakuna neno la uongo hapo. Ilikuwa kweli iliyopangwa juu ya kweli. Kijana mmoja alicheka, wengine wakafuata. Dada alifunga daftari kwa heshima na kusema ofisi yake isingeweza kumwadhibu dereva kwa nyakati zinazotegemea, wamletee hesabu yenye saa. Karani alilichukua daftari lake, akalifuta jalada kwa kile kitambaa. Na mimi, ili kumshinda mtu, nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikaishusha thamani adhana ambayo nimeiita tangu ujana wangu.

Siku iliyofuata alikuja nyumbani. Mke wangu alituletea chai ya tangawizi. Karani alisema, "Maalimu, nimefikiri. Nyie mnakuwaga na ile karatasi ya nyakati za sala ya mwaka mzima. Nikiipata, kila ukurasa wangu naugeuza kuwa saa. Kazi ya siku mbili. Unayo?"

Ratiba ilikuwa imetundikwa ukutani, nyuma ya kichwa changu.

"Sina," nilisema. "Iliyokuwapo imeliwa na mchwa. Nitakutafutia."

Alikunywa chai yake. Akasema haya. Akamsifia mke wangu kwa tangawizi. Alipoondoka niliivua ratiba, nikaiweka chini ya godoro, na kwa miezi mingi nikawa nalinyanyua godoro kujua muda wa sala. Mke wangu aliniuliza mara moja imekwenda wapi. Nilimwambia ukuta una unyevu.

Angeweza kuipata kwingine. Misikiti iko mingi, na simu ya kijana yeyote ingempa. Hakutafuta. Alianza upya. Aliishusha saa ya ukutani ya nyumbani kwake, kubwa, ya duara, yenye picha ya maua, akawa anakuja nayo mapajani, na daftari juu yake. Akawapitia watu tena nyumba kwa nyumba awaombe wasimame tena. Na ilikuwa masika. Walisimama na maturubai na mifuko ya saruji vichwani. Yeye alikaa chini ya ukingo wa bati la msikiti wangu, mguu mmoja mmoja akiufuta, akiinamisha kichwa aione saa. Nilipita karibu naye mara tano kwa siku nikienda kuadhini, na kila mara alisema, "Umefika sawasawa, Maalimu," akitazama saa.

Katika masika hiyo, kwenye ule mteremko wa kwenda njia panda, mama muuza vitumbua aliteleza na beseni lake na kuvunjika mkono. Nililisikia hilo msikitini. Nilimwombea. Sikusema kingine.

Basi magari yalikuja. Daftari la pili lilikuwa na saa, na dada yule hakukawia. Madereva waliitwa, wakasomewa ubavu wa magari yao wenyewe. Kalavati lilipata mawe kutoka machimbo ya Boko. Suka Tunda ndiye aliyefika wa kwanza, alfajiri, taa zimewaka, na alipoiona foleni alishusha kioo akasema, "Babu, kumbe upepo wa huku una miguu." Watu wakacheka, wakapanda kwa zamu. Karani hakupanda. Aliandika.

Vituo vya kwetu havitangazwi na mtu wa ofisini. Kondakta huita anachokiona, na siku ya tatu kila mtu anaitikia, jina limeshakuwa jina. Kondakta wa suka Tunda alimwona mzee na kiti cha bluu. Wiki hiyo niliwaambia watoto wa madrasa waseme wanashuka Msikitini. Mimi mwenyewe nilipopanda nilisema, "Nishushe msikitini, kijana," na kila mara alinijibu, "Kwa Karani, ustadhi, nimekupata." Nimefanya hivyo kwa miaka. Sikulitamka jina lile ndani ya gari hata mara moja.

Nimefika kwenye siku ninayotaka kuisimulia.

Miguu yake ilianza kuvimba. Binti yake aliyeolewa Temeke alisema baba aje akae naye, karibu na hospitali. Mchana mmoja baada ya alasiri alikuja barazani kwangu, viatu vyeusi, bila kiti, maana mtu mwingine alikuwa ameshakichukua. Mkononi alikuwa na lile daftari la kwanza.

"Maalimu, naondoka kesho," alisema. "Nimekaa na nyie Waislamu muda mrefu, nimeona mtu akisafiri huomba radhi kwa majirani. Nimekuja kuomba radhi yangu. Kama nilikukosea, nisamehe. Nilitumia mlango wa msikiti wako kama ofisi."

Hata katika hilo alinitangulia. Ilikuwa ni desturi yangu, ya watu wangu, na yeye ndiye aliyeishika kwanza. Nakiri kwamba kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa toba, kilikuwa kijicho kilekile.

Halafu nikasema. "Karani, ile ratiba nilikuwa nayo."

"Ndiyo," alisema.

"Siku ile uliyoniomba."

"Niliiona. Ilikuwa nyuma ya kichwa chako. Kulikuwa na mjusi amekaa mwezi wa nne."

Sikuweza kumtazama. Nilimuuliza mbona hakusema.

"Mkeo alikuwa amesimama pale na birika. Ningesemaje?"

"Ungeitafuta kwingine basi. Ingekuokoa masika nzima."

"Ningeipeleka ya kwingine, yule dada angekuja kukuuliza wewe kama ndiyo unayoifuata. Ungemjibu nini?"

Nililijua jibu. Ningesema inategemea.

"Basi nisamehe," nilimwambia.

"Yangu nimekusamehe zamani, tangu saa ya ukutani ilipoanza kuniumiza mapaja nikazoea. Lakini Maalimu, yule mama wa vitumbua." Alisita, akafuta kiatu ambacho hakikuwa na vumbi. "Yale ya mkono wake siwezi kukusamehe mie. Si yangu."

Hayo ni mafundisho ya dini yangu. Haki ya mja haifutwi ila na mja mwenyewe. Nimeyasomesha hayo kwenye darasa la Ramadhani, kwa dalili zake, huku nikipiga meza. Na yaliletwa nyumbani kwangu na mtu asiyejua hata kutawadha.

Aliniachia daftari. "Sauti yako imo humo kila ukurasa," alisema. "Mie nifanye nalo nini Temeke?" Tukapeana mikono kama siku ya kwanza. Kesho yake binti yake alileta teksi, nayo ikaenda polepole, madirisha wazi, kwa ajili ya tumbo lake. Sijamwona tena tangu hapo. Nasikia anatembea kidogo kidogo mpaka kituo cha kule, na ana daftari jipya. Nilipolisikia hilo niliwaonea wivu watu wa Temeke.

Mama muuza vitumbua alikwisha kuhamia chini, karibu na njia panda, kwa sababu ya mkono ule. Ilinichukua siku tisa kwenda. Nilimkuta anakoroga unga kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo Maalimu. Leo umepotea njia?"

Nilimweleza yote, tangu neno inategemea mpaka chini ya godoro. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliendelea kukoroga.

"Kwa hiyo tulisimama mvuani mara ya pili kwa ajili yako," alisema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Mie sitakudanganya, sitasema haidhuru, maana imenidhuru. Kuna mizigo siinui tena." Akasukuma kigoda kwa mguu. "Kaa hapo. Nikusimulie siku ile ilivyokuwa, yote, usiondoke. Nikimaliza nitaona kama nakusamehe."

Nilikaa. Alisimulia tope, beseni, vitumbua vilivyoviringika, aliyempita na aliyemwinua. Alisimulia mpaka sufuria ya kwanza ikaiva na ya pili. Kisha akaniwekea vitumbua viwili kwenye kisahani, akasema, "Haya, kula. Nimekusamehe. Usirudie kwa mwingine."

Nilipanda gari la kurudi juu pale njia panda. Kondakta alikuwa mgeni, kijana mpole, hanijui. Aliniuliza, "Mzee wangu, unashukia wapi?"

Neno la zamani lilifika mdomoni lenyewe, kama kawaida. Nililimeza. Lilishuka kwa shida, na lile la pili lilipanda kwa shida zaidi.

"Kwa Karani," nilisema.

"Kwa Karani mmoja," akamwitia dereva, na gari likapanda mlima mpaka mwisho wake.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mola akupe jirani aliye bora kuliko wewe, na akupe moyo wa kumvumilia. Akusamehe ulichoficha, akupe muda wa kukirudisha ukutani watu wakione, na akufikishe unakokwenda pasipo kukatishiwa njiani. Amin.